Kitenge cha Twakana

Albertine Mwange alikuwa mwepesi wa kucheka. Katika masoko ya Guangzhou, China, wengi walikijua kicheko chake kabla ya kulijua jina lake. Lakini Jumapili ile, mezani baada ya misa, Papa Patrice aliposema kwamba Twakana si kijiji, meza nzima iliangua kicheko na Albertine peke yake akabaki amekaza uso.

Walikuwa kwenye mkahawa wa Wakongo pale Xiaobei, ghorofa ya pili, ambako watu wa Kalemie, Moba na Lubumbashi hukutana kila Jumapili kula ugali na samaki wa kukaanga. Asubuhi hiyo Albertine alikuwa amepokea ujumbe wa sauti kutoka kwa mdogo wake Hénoc, mwalimu wa katekisimu huko nyumbani. Hénoc alisema kampuni moja ya ng'ombe imeomba uwanda wote wa nyasi ulioko juu ya milima, upande wa Moba, ambako ndiko Twakana, kijiji chao, na imeiambia serikali kwamba uwanda huo ni mtupu. Watu hakuna. Kuna kambi tu ya wachungaji wakati wa kiangazi. Tume ya serikali ingepanda kuangalia kwa macho baada ya miezi miwili, na ikikuta mambo yako vile kampuni ilivyosema, basi, ardhi imekwenda.

"Na sisi je?" Albertine aliwauliza wenzake. "Mimi nimezaliwa pale. Mama yangu amezikwa pale. Leo tumekuwa kambi?"

Hapo ndipo Papa Patrice alipofuta mikono na kusema, kwa upole wa mtu mkubwa anayemzuia mdogo asijiaibishe, "Maman Albertine, tuseme kweli. Mimi nimepita pale. Nyumba kumi na moja, labda kumi na mbili. Hakuna duka, hakuna zahanati, hakuna hata kibao cha jina. Ile si kijiji. Ile ni nyasi tu, na upepo."

Watu wakacheka. Patrice alikuwa mwenyekiti wa jumuiya yao, na tena ndiye mwenye ofisi ya mizigo. Karibu kila furushi la watu wale lililokwenda Kongo lilipitia kwake. Mtu wa namna hiyo akitania, wengine hucheka hata kama hawajasikia vizuri.

"Sawa," alisema Albertine. "Ni nyasi. Na mimi niliyetoka kwenye hizo nyasi ninaondoka mezani kwenu."

Akainuka, akaacha samaki wake nusu.

Twakana ipo mahali ambapo mgeni akifika hudhani amefika mwisho wa vitu vyote. Ukipanda kutoka ziwani, msitu unakatika ghafla, na mbele yako zinabaki nyasi na mbingu. Wakati wa mvua nyasi zinampita mtu urefu. Wakati wa kiangazi zinakauka na kuwa na rangi ya ukoko wa mkate, na moto ukianza upande mmoja wa uwanda, moshi wake unaonekana kutwa nzima. Asubuhi kuna baridi ya kuuma vidole. Nyumba zimejengwa chini ya mgongo wa ardhi ili kuukwepa upepo, na kuzizunguka kuna ukanda uliolimwa ukaachwa uchi, kusudi moto ukifika pale ukose cha kula. Kuna kijito, mashamba ya ulezi na maharage, kanisa la udongo ambalo siku za juma ni shule, na makaburi. Ni hayo tu.

Lakini mahali pale palichaguliwa. Hilo Albertine alifundishwa tangu akibebwa mgongoni. Enzi za Wabelgiji askari walipanda na amri kwamba watu wote waliotawanyika uwandani washuke wakajenge kando ya barabara mpya, mahali watakapoweza kutozwa kodi na kulimishwa pamba bila usumbufu. Wanaume wengi walikuwa wamekwisha chukuliwa kwenda migodini. Wakashushwa wanawake na watoto. Kule chini kulikuwa na joto na mbu, na watoto waliozoea baridi ya juu wakaanza kufa kwa homa. Mumba, nkambo wa Albertine, yule aliyemzaa bibi yake, alizika wawili kando ya barabara ile. Alipomaliza matanga ya wa pili hakumwomba mtu ruhusa. Yeye, wake wenza wake wawili na mjane mmoja wa jirani walifunga majembe, mbegu na watoto waliobaki, wakaigeuzia barabara mgongo, wakapanda tena.

Askari wakawafuata, wakachoma vibanda. Wanawake wakajificha kwenye miti ya kijitoni; askari walipoondoka, wakajenga upya. Wakachomewa tena, wakajenga tena. Mwishowe afisa wa kizungu akachoka kuwapandisha watu mlima kwa ajili ya wanawake wanne. Alipouliza ni akina nani hao, tarishi wake alimjibu kwa maneno yaleyale ambayo wanawake walikuwa wakiyapaza kutoka bondeni, kwa lugha ya pale: Twakana. Tumekataa. Likawa jina.

Baadaye zikaja vita, za waasi hawa na waasi wale, na kila mara Twakana ilizama ndani ya nyasi na kuibuka tena. Haikukua. Vijana walishuka mjini, mabinti waliolewa mbali, nyumba zao zikaanguka na nyasi zikafunga juu yake. Albertine mwenyewe alipelekwa kwa masista akasome Kifaransa, kutoka hapo akaingia biashara, na biashara ikamleta China. Kijiji kilipungua lakini hakikufa.

Kesho yake, akiwa kwenye treni ya metro kwenda soko la Zhongda kununua vitambaa vya wateja wake, wazo lilimjia na akashuka kituo kimoja kabla ili ampigie Hénoc kwa utulivu.

"Kwetu Kongo," alimwambia, "ni kitu gani chenye heshima ambacho hakina kitenge chake? Parokia ikitimiza miaka, kitenge. Chama cha siasa, kitenge. Kiwanda cha bia, kitenge. Ninachapisha kitenge cha Twakana."

Hénoc, ambaye humwita dada yake mkubwa yaya, aliguna. "Yaya, sisi tunatafuta mwanasheria, wewe unatuletea nguo?"

"Mwanasheria mtafute, tena upesi. Lakini tume inakuja kuangalia kwa macho, si ndiyo? Basi tuyape hayo macho kitu cha kuona. Waite watu wote waliotoka Twakana. Walioko Moba, Kirungu, Kalemie, watoto wao na wajukuu wao. Siku hiyo wapande wote, na nguo moja."

"Watapanda kweli? Ni safari ile."

"Ukiwaita kwa mdomo watakwambia wana kazi. Ukimpa mtu kitenge chenye jina la kwao, atatafuta pa kukivalia."

Huko Zhongda alikwenda moja kwa moja kwa Madam Liang, ambaye wafanyabiashara wote walimwita Laobanniang, yaani mama mwenye duka, na ambaye alikuwa na karakana ya kuchapa vitambaa nyuma ya soko. Walielewana kwa Kichina cha sokoni, kikokotoo na mikono. Laobanniang alimketisha kando ya mchoraji wake, Bwana Chen, mwanamume mnene wa makamo aliyevuta kiti mbele ya kompyuta na kuuliza picha ni ya nini.

"Kijiji," Albertine alisema. "Kwenye nyasi nyingi. Afrika."

Chen akatikisa kichwa kama mtu aliyekwisha elewa. Muda si mrefu kwenye kioo kulikuwa na jua jekundu, mti wenye kichwa bapa, na twiga.

"Twiga hapana," alisema Albertine.

Chen akamfuta twiga, akaweka tembo.

"Bu yao! Sitaki! Kwetu hakuna tembo."

"Simba?"

"Sikiliza, rafiki yangu. Hapa hakuna mnyama. Hapa kuna watu."

Akachukua kalamu, akageuza bahasha iliyokuwa mezani, akachora mwenyewe, vibaya, wanawake wanne wenye mizigo kichwani na watoto mgongoni, wakipanda mteremko. Chen akauliza mbona hawana nyuso.

"Hawana kwa sababu wametupa mgongo. Wanaondoka. Wewe uko barabarani, unawaona wakiondoka, na huwezi kuwarudisha."

Chen aliitazama bahasha kwa muda. Kisha akaanza kuchora upya, polepole, na safari hii alikuwa anauliza: mzigo huu ni wa nini, jembe lenu lina mpini mrefu au mfupi, nyasi zinawafika wapi. Jioni ilipokaribia walikuwa na kitambaa cha kijani iliyokolea na rangi ya ulezi ulioiva, wanawake wanne wakipanda, na chini yao kwa herufi nene: TWAKANA. Albertine akawahesabu wanawake kwa kidole, mmoja mmoja.

Laobanniang akaja, akatazama, akasifu rangi, halafu akabonyeza kikokotoo. Yadi elfu tatu. Chini ya hapo hawashi mashine.

Albertine alihitaji chini ya nusu ya hizo, na hata hizo zilikuwa zinamlia akiba yake yote. Akajaribu kumwelewesha. Akamsimulia habari ya kijiji, ya kampuni, ya tume. Alijua kwamba Laobanniang alizaliwa katika kijiji kimoja kilichomezwa na jiji, palepale wilaya ya Haizhu, na kwamba mwaka uliopita nyumba za ukoo wake zilibomolewa ili kujenga minara. Akadhani hapo ndipo atakapomgusa.

"Kijiji chako pia walikivunja," alisema. "Unajua mtu anavyojisikia."

Laobanniang akacheka kwa moyo mweupe. "Najua! Nilipewa fleti tatu. Lifti, maji ya moto. Kijiji kilikuwa na panya na waya za umeme kichwani. Wewe pia chukua fleti, pengyou, rafiki!"

"Kwetu hatujaambiwa habari ya fleti. Tumeambiwa hatupo."

Laobanniang akaacha kucheka, akamtazama. Alikuwa mwanamke wa biashara na moyo wake haukuwa mbaya, lakini mashine ni mashine. "Elfu tatu," alisema. "Chini ya hapo bu xing. Haiwezekani. Mchoro nitakutunzia juma moja."

Albertine akaondoka na kipande cha majaribio, kilichochapwa kwa mashine ndogo, mkononi, urefu wa taulo. Nje, kwenye njia iliyojaa mikokoteni ya vitambaa, akakutana na Ariane, mfanyabiashara wa Lubumbashi, mwanamke wa ulimi mkali na kucha ndefu, aliyekuwa amecheka kuliko wote siku ya Jumapili.

"Maman Albertine, bado umekasirika? Hebu nione hicho." Akakinyakua kitambaa, akakikunjua. "Hawa wanakwenda wapi?"

"Wanarudi kwao. Waliambiwa wakae barabarani, wakakataa."

"Na hili neno?"

"Tumekataa."

Ariane hakusema utani. Akakipitisha kitambaa begani, akajitazama kwenye kioo cha duka la vifungo. Ariane alikuwa mjane. Mumewe alipokufa, ndugu wa mume walikuja kuchukua funguo za nyumba siku ya arobaini, na yeye alikaa mlangoni na watoto wake mpaka wakachoka wakaenda zao. Habari hiyo kila mtu aliijua, ila yeye hakuwahi kuizungumza.

"Unajua wanawake wangapi Lubumbashi watataka kuvaa neno hili?" alisema hatimaye. "Mtu anafukuzwa nyumbani kwa marehemu, anafunga hiki kiunoni, anakaa kwenye kiti chake. Hana haja ya kusema. Najua Laobanniang hawashi mashine chini ya elfu tatu. Yadi ngapi hazina mnunuzi?"

"Nyingi."

"Nazichukua mimi. Na Élodie mwenzangu atachukua, na yule Mkenya, Mwikali, anauza vitenge Nairobi, nitamwelewesha neno lenyewe. Twende kwa huyo Laobanniang kabla hajabadili mawazo."

Basi mashine ikawashwa.

Vitambaa vilipokuwa tayari, harufu ya rangi ikiwa bado juu yake, Albertine aliyafunga mafurushi ya Twakana peke yake na kuyapeleka kwa teksi mpaka ofisi ya mizigo ya Papa Patrice, Sanyuanli. Meli ingechelewa mno. Alitaka mzigo wa ndege. Ofisini kulikuwa na foleni ya watu na masanduku, mzani katikati, na utepe wa kufungia ukilia kila kona. Patrice alipoona maandishi kwenye furushi akamshika kiwiko.

"Njoo ndani, tunywe chai."

"Nasikia vizuri hapa hapa, Papa Patrice."

Akashusha sauti. "Huu mzigo siwezi kuupeleka. Nyaya za uzio za ile kampuni, nguzo, paneli za jua, vyote vinapita kwangu. Mkataba wa miaka. Siwezi kubeba uzio kwa mkono mmoja na fujo kwa mkono wa pili."

Ndipo Albertine alipoelewa utani wa Jumapili ulikotoka. Sauti yake ilitoka sawasawa, na haikuwa ya kunong'ona. Foleni ikageuka.

"Kwa hiyo ulijua. Ulikaa mezani nasi ukila, ukijua."

"Nilijua kwamba kutakuwa na kazi! Barabara. Zahanati. Wewe uko hapa Guangzhou unapanda metro, halafu unataka watu wako wabaki kubeba wagonjwa kwa machela mpaka Moba? Huo ndio upendo?"

Yalikuwa maneno mazito, na wengine kwenye foleni walitikisa vichwa kukubali. Mama yake Albertine alifia kwenye machela, nusu ya njia.

"Zahanati tunaitaka," alisema. "Tumeililia tangu sijazaliwa. Lakini kampuni inayoanza kwa kusema hatupo, hiyo zahanati yake itamtibu nani? Ng'ombe?"

Mtu mmoja akaguna. Patrice akakunja uso. "Nikikukatalia mzigo huu, ujue na mingine yako nimeikataa. Hakuna atakayekubebea kwa bei yangu. Fikiri vizuri."

"Nimefikiri. Nipishe mlango, mafurushi ni mapana."

Akayaburuta mwenyewe, moja moja. Alipofika barabarani alikaa juu ya furushi mojawapo akalia, kwa sababu kumkosa Patrice kulikuwa ni kukosa riziki, na hakuwa mtu wa kujidanganya kuhusu hilo. Alilia kidogo tu. Kisha akaanza kupiga simu.

Wiki mbili zilizofuata mzigo wa Twakana uliondoka Guangzhou kwa vipande. Ariane alisafiri na masanduku mawili. Clément, aliyekuwa kwenye foleni ile na aliyeyasikia yote, alikuja bila kuitwa, akasema ana nafasi kwenye begi lake kwa sababu mke wake amemwagiza viatu vichache tu mara hii. Pius, Mtanzania anayesomea udaktari, aliyekuwa akienda likizo kwao Kigoma, alichukua furushi moja la kuvusha ziwani. Wengine walikataa, walimwogopa Patrice, na Albertine hakuwalaumu. Mzigo ulishuka Lubumbashi, ukashuka Kigoma, ukapanda lori, ukapanda boti, na Hénoc akawa anatuma ujumbe: furushi limefika Moba, lingine limefika Kalemie, na akina mama wa Kirungu wanauliza kama wanaweza kushona mikono mirefu maana huko juu kuna baridi.

Siku ya tume, Albertine alikuwa barabara ya Zhanqian, kwenye jengo la nguo za jumla, akimtafutia mteja suruali za watoto. Huku ilikuwa alasiri na kule ilikuwa asubuhi. Simu ilipolia, alikaa juu ya marobota mbele ya duka, na mwenye duka, baada ya kuona uso wake, akamwacha akae.

Hénoc alikuwa amepanda juu ya kichuguu, mahali pekee ambapo mtandao unashika. Picha ilikatika na kurudi. Kwanza Albertine aliona anga. Kisha nyasi, za njano, zikilala kwa upepo. Kisha watu, na akaziba mdomo kwa kiganja. Hakuwahi kuwaona watu wengi namna ile pale juu, hata siku ya mazishi. Kijani na rangi ya ulezi kila mahali. Wazee, wanawake na watoto mgongoni, vijana wa Kalemie wenye miwani ya jua na mashati yaliyoshonwa kwa kitenge kilekile.

Mwakilishi wa kampuni alikuwa akizungumza kwa sauti. "Mheshimiwa, nyumba ni hizi mnazoziona. Hawa wengine wamekodiwa. Wamegawiwa sare, kama kwenye kampeni."

Aliyeongoza tume alikuwa mama mmoja mwenye kofia ya majani na viatu vilivyojaa vumbi. Akawatazama watu. Akamnyooshea kidole mzee mmoja, hakumchagua kwa lolote.

"Wewe, baba. Unatoka wapi?"

"Naishi Kalemie," mzee akasema, na mwakilishi wa kampuni akatabasamu. "Lakini nimezaliwa hapa. Naitwa Jonas Kabwe."

"Nyumba yenu iko wapi?"

"Ilianguka."

"Nionyeshe ilipoangukia."

Jonas Kabwe hakuwa amepanda kule miaka mingi. Akasimama, akaangalia mgongo wa ardhi, akaangalia kijito, akaanza kutembea ndani ya nyasi ambako hapakuonekana kitu. Hénoc, bila kushuka kichuguuni, akamfuata kwa kamera ya simu, akiikuza picha. Mzee alikwenda akarudi, akapapasa kwa mguu, akapiga magoti, akatenganisha nyasi kwa mikono miwili. Mafiga matatu yalikuwa pale, meusi bado.

"Hapa alipikia mama yangu," alipaza sauti, na hakuondoka.

Hakuna aliyeamuru kilichofuata. Mwanamke mmoja akajitenga na kundi, akawashika watoto wake mkono, akaenda kusimama mahali fulani kwenye nyasi. "Sisi hapa." Mwingine akaenda juu kidogo. "Kwa baba hapa. Shimo la majivu lilikuwa pale." Wakatawanyika, familia baada ya familia, wengine wakibishana hatua mbili huku au kule, mpaka kila mmoja akawa amesimama nyumbani kwake. Na Hénoc, kutoka juu ya kichuguu, akaigeuza simu taratibu, ili dada yake aone. Zile nyumba kumi na moja zilikuwa kona moja tu. Kijiji kilishuka mpaka kijitoni na kupanda upande wa pili, kilikuwa na njia, kilikuwa na uwanja katikati, na kilikuwa kimejaa.

Palikuwa na mahali pamoja patupu, karibu na kanisa. Albertine alipajua. "Hénoc," aliita kwa nguvu hata wanunuzi wakageuka, "kasimame kwa mama!"

Hénoc akashuka kwenye kichuguu, na mtandao ukakatika.

Yaliyobaki aliyasikia baadaye. Yule mama wa tume alitembea kutoka familia hadi familia bila haraka, akapeana nao mikono. Kisha akamwambia mwakilishi wa kampuni kwamba hatatia saini kwamba uwanda huu ni mtupu, kwa sababu ana macho, na kwamba kampuni ikitaka kulisha ng'ombe itakuja kukaa chini na watu hawa, iombe kama mgeni anavyoomba. Haukuwa mwisho wa maneno. Baada ya mwezi kampuni ilirudi na sauti tamu, ikajitolea kuwajengea wote nyumba za saruji, chini, kando ya barabara. Walikataa nyumba, wakasema wako tayari kuzungumzia zahanati, ila iwe juu. Mpaka leo wanavutana.

Huku Guangzhou, Patrice alitimiza aliyoyasema. Albertine alilazimika kutuma mizigo kupitia ofisi ya mbali, taratibu na kwa gharama zaidi, na mwaka ule ulikuwa mgumu kwake. Wajumbe wa jumuiya walikuja kumshawishi aombe radhi ili mambo yaishe. Aliwapikia chai, akawauliza habari za watoto, na hakuomba. Jumapili alikwenda mkahawani kama kawaida, akakaa meza aliyoitaka. Mwanzoni Ariane na Clément tu ndio walioketi naye. Baadaye watu wakaongezeka, viti havikutosha, ikabidi waunganishe meza.

Siku moja ya Machi, mvua nyembamba ikinyesha, aliingia duka la vyuma akaomba bawaba na kitasa cha mlango, kitasa imara, cha nje. Muuzaji akauliza mlango una unene gani. Albertine akampigia Hénoc kumuuliza.

"Mlango upi, yaya?"

"Wangu. Karibu na kanisa, palepale kwa mama. Kiangazi kikianza tu, fyatua matofali kabla nyasi hazijaota tena."

"Mlango wenyewe bado ni mti, yaya, umesimama kijitoni."

Albertine akamgeukia muuzaji, akachagua kitasa kilichokuwa kizito kuliko vyote.

"Nipe hiki," alisema. "Mlango wataupima kwa hiki."